Breki na miguu kwanza, rangi baadaye: ombi kwa wenye magari ya spoti ya zamani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wamiliki wenzangu wa magari ya spoti ya zamani hapa Dar es Salaam, pamoja na mafundi wanaotuhudumia na wauzaji wa spea wanaotupokea madukani, kuhusu hali ya breki na miguu ya magari hayo. Kwa neno miguu nakusudia kila kitu kinacholibeba gari juu ya magurudumu yake, yaani springi, shokapu (vizuia mtikisiko), bushi (mipira ya kwenye maungio), boli jointi (maungio ya duara), amu (mikono ya chuma inayoshika magurudumu) na beringi. Barua yangu ni ndefu kuliko kawaida, lakini jambo lenyewe linagusa uhai wa watu na halielezeki kwa aya mbili.

Mtu akipita Masaki au Oysterbay Jumapili alasiri atayaona magari haya yameoshwa yakang'aa, na watu wamesimama kuyapiga picha. Nafurahi sana kuona vijana wanayathamini magari yaliyotengenezwa kabla wao hawajazaliwa. Kinachonisumbua ni mahali fedha zinapoanzia. Ukimuuliza mwenye gari alianza kutengeneza nini, karibu kila mara atakutajia rangi, kisha rimu, kisha viti, kisha mlio wa ekzosi. Breki na miguu vitatajwa mwisho, tena kwa kusema kwamba fundi alishaviangalia. Matokeo yake ni gari ambalo injini yake imefunguliwa na kufungwa upya, likaongezewa mwendo, huku uwezo wake wa kusimama ukiwa umebaki vile ulivyoachwa na mmiliki wa miaka arobaini iliyopita.

Nayasema haya kutokana na gari la ukoo wetu. Marehemu baba mdogo alikuwa na Datsun 240Z, aliyoinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Upanga aliyekuwa anahamia Kanada. Ni gari la viti viwili, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, na lilipotoka kiwandani liliweza kwenda karibu kilomita 200 kwa saa. Afrika Mashariki linaheshimika kwa haki: lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na likashinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyemaliza akiwa sawa kwa pointi na Harry Källström ndani ya Datsun ya aina nyingine. Nayataja haya kwa sababu wapo wanaosema kwamba gari la spoti la zamani ni pambo tu, halifai kwa barabara zetu. Miguu ya gari hili ilipita mawe na matope ya nchi hizi mbele ya macho ya wazee wetu. Kinachoishinda leo ni mpira uliozeeka na kutu ya bahari, na vyote viwili vina dawa.

Baba mdogo alipofariki, gari lilikaa chini ya mwembe kwa miaka mingi kabla familia haijanikabidhi. Nami nilifanya lile lile ninalowakanya wenzangu leo. Nilifungua injini, nikasafisha kabureta zote mbili, nikapiga rangi, na breki nikazipeleka kwenye gereji moja ambako niliambiwa baada ya saa mbili kwamba ziko sawa. Wiki ya tatu, nikiwa natokea mjini, nilikanyaga breki kabla ya taa za Selander na gari likavuta kulia kwa nguvu hadi likaingia njia ya pili, mbele ya bodaboda iliyokuwa imembeba mama na mtoto. Dereva wa bodaboda alikwepa kwa ustadi wake mwenyewe, wala si kwa lolote nililolifanya mimi. Niliendesha taratibu hadi nyumbani, na niliposhuka nikakuta rimu ya mbele kushoto ina moto usioshikika kwa mkono. Tangu siku hiyo gari halikutoka tena getini mpaka kila kipande cha chini kilipofunguliwa, kazi iliyonichukua miezi saba nikishirikiana na fundi mmoja mzee mwenye subira kubwa.

Tulianza na hosi ya mpira inayopeleka mafuta kwenye kalipa ya mbele kushoto, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu. Kwa nje ilionekana nzima, nyeusi, haina hata ufa. Fundi aliipasua kwa kisu kwa urefu wake na kunionyesha ndani: mpira ulikuwa umevimba hadi njia ya mafuta ikabaki tundu lisilopitisha hata njiti ya kiberiti. Hosi ya namna hiyo huchelewesha mafuta unapokanyaga, ndiyo maana gari lilivuta upande wa kulia ambako breki ilikuwa inashika vizuri. Ukiachia, huyazuia mafuta yasirudi, pedi zikaendelea kuisugua diski hadi gurudumu likapata moto. Hakuna fundi anayeweza kuliona tatizo hilo kwa kutazama tu. Hosi za breki ambazo umri wake haujulikani zinapaswa kubadilishwa zote kwa pamoja, hata kama zinapendeza kwa macho.

Tulilolikuta nyuma lilinisikitisha zaidi. Bomba la chuma linalokwenda kwenye gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limekatwa, likakunjwa na kugongwa kwa nyundo hadi likajiziba. Wakati fulani silinda ya gurudumu hilo ilivuja, na badala ya kuitengeneza, mtu aliamua kulinyima mafuta ili mengine matatu yaendelee kufanya kazi. Gari lilikuwa linasimama kwa magurudumu matatu kwa miaka nisiyoijua, na gereji niliyoilipa haikuliona hilo kwa kuwa haikuvua hata tairi moja. Mafundi watanisamehe nikisema wazi kwamba mtindo huu wa kukunja bomba bado upo mjini, na tena hufanywa kwa nia ya kumsaidia mteja asiye na fedha ya silinda mpya. Msaada huo ni wa hatari sana, kwa kuwa siku ya mvua, lami ikiwa na utelezi, gari linaloshika upande mmoja huweza kuzunguka lenyewe hata kwa mwendo mdogo.

Jambo la tatu lilikuwa ndani ya masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Katika gari hili masta silinda ina sehemu mbili, moja ya breki za mbele na nyingine ya nyuma, ili upande mmoja ukivuja mwingine ubaki kumwokoa dereva. Tulipoifungua, raba za ndani zilikuwa zimevimba na kulainika mithili ya ubani uliotafunwa, kwa sababu mtu alijaza oili ya usukani au ya gia mahali pa mafuta ya breki. Raba za breki zimetengenezwa zivumilie mafuta ya breki peke yake, na oili yoyote itokanayo na mafuta ghafi ya ardhini huziharibu. Kwa sababu hiyo hiyo haifai kuosha vipande vya breki kwa petroli au dizeli, kama tunavyoona kila siku katika karai pembeni ya gereji. Vioshwe kwa spiriti au kwa mafuta ya breki yenyewe, na raba zipakwe mafuta hayo hayo kabla ya kufungwa, kamwe zisipakwe grisi ya beringi.

Hapa niwageukie wauzaji. Mafuta ya breki ya kawaida yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewani, na hakuna asiyejua unyevu wa pwani yetu. Mafuta ya DOT 3, ambalo ni daraja mojawapo la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye kopo, yakiwa mapya na makavu hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho kinaweza kushuka hadi nyuzi 140. Kwa DOT 4 viwango hivyo ni 230 na 155. Dereva anayeteremka mlima Kitonga huku akishikilia breki anaweza kuyafikisha mafuta yaliyochoka kwenye kiwango cha kuchemka, yakatoa mvuke, na kwa kuwa mvuke hubonyea, pedali itazama hadi chini bila gari kupunguza mwendo. Sasa yapo maduka yanayopima mafuta ya breki kutoka kwenye galoni lililokwisha kufunguliwa, yakawekwa katika chupa ndogo za maji ya kunywa na kuuzwa kwa bei nafuu. Nawaomba wenye maduka hayo waache biashara hiyo hata kama wateja wanaitaka. Nasi wateja tununue kopo dogo lililofungwa kiwandani, tulitumie, na kilichobaki tusikiweke kabatini kwa ajili ya mwakani. Kila baada ya miaka miwili mafuta yote yabadilishwe, hata kama gari limetembea kilomita chache, kwa kuwa maji huingia gari likiwa limesimama vilevile.

Magurudumu ya nyuma ya 240Z yanatumia breki za ngoma zenye kipenyo cha inchi 9, na hapa lipo jambo ambalo lingetosha peke yake kunifanya niandike barua hii. Viatu vya breki, yaani vipande vinavyosugua ndani ya ngoma, vya miaka ile vilitengenezwa kwa kawaida vikiwa na asbesto, na vumbi lililojaa ndani ya ngoma huweza kuwa na asbesto iliyosagika. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, ikiwemo ya mapafu na ile ya utando unaoyazunguka mapafu, na ugonjwa huweza kuchukua miongo kadhaa kujitokeza. Kijana anayelivuta vumbi hilo leo akiwa na miaka kumi na minane hatahisi kitu, na atakapougua ukubwani hakuna atakayeikumbuka gereji ya ujana wake. Nimeona kwa macho yangu fundi akivua ngoma na kuipuliza kwa kompresa, wingu la kijivu likamfunika yeye pamoja na mwanagenzi wake aliyekuwa amechuchumaa kando, hakuna aliyefunika hata pua. Namsihi kila fundi atakayesoma haya asipulize na asifagie kikavu. Ngoma ilowanishwe kwa maji ya sabuni kwa utaratibu bila kurusha, vumbi lifutwe likiwa tope, tambara lifungwe ndani ya mfuko na kutupwa, na mtu avae barakoa ya kuzuia vumbi laini, kwa kuwa kitambaa cha kawaida hakitoshi. Wapo pia wamiliki wanaotafuta viatu vya zamani vya kiwandani kwa kuwa vina uhalisia. Nawaomba waachane na uhalisia huo, kwani viatu vipya visivyo na asbesto vinapatikana na vinasimamisha gari vizuri.

Kuhusu upatikanaji wa spea, niwatoe hofu kidogo walioanza kukata tamaa. Diski, pedi, raba za kalipa na masta silinda tuliagiza nje, kwa kuwa gari hili linapendwa sana Japani na Marekani na spea zake bado zinatengenezwa. Beringi tulizipata kwenye maduka ya eneo la Gerezani siku hiyo hiyo, kwa sababu namba iliyochongwa kwenye beringi ni ile ile dunia nzima na muuzaji hana haja ya kujua inatoka kwenye gari gani. Nati za mabomba ya breki zina uzi wenye upana wa milimita 10 na nafasi ya milimita 1 kati ya mzunguko na mzunguko, sawa na Toyota nyingi zinazopita barabarani kwetu, kwa hiyo mabomba yote tuliyafanya upya hapa hapa. Sharti ni moja: mdomo wa bomba ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake, kwa kuwa mdomo uliokunjwa mara moja hupasuka kwa mgandamizo wa breki, na mdomo uliochomelewa kwa gesi haufai kabisa.

Kwenye miguu, kazi ngumu kuliko zote ilikuwa pini ndefu inayoishikilia amu ya nyuma. Pini hiyo hupita katikati ya bushi mbili za mpira, na ikishapata kutu hung'ang'ana na vyuma vya ndani ya bushi kama kitu kimoja. Tuliimwagia mafuta ya kulegeza kutu asubuhi na jioni kwa siku tatu. Tukiigonga kwa nyundo, kichwa chake kilianza kutanuka na uzi kuharibika, kwa hiyo fundi alisimamisha kazi na kuchonga kifaa cha kuivutia: bomba nene, bamba la chuma na nati ndefu iliyofungwa kwenye uzi wa pini uliobaki mzima. Tulikuwa tunakaza robo mzunguko, tunasubiri, tunamwagia tena mafuta, tunakaza robo nyingine. Ilipotoka jioni ya siku ya nne ilikuwa na gamba la kutu rangi ya kahawia unene wa ukucha, na ndani ya bushi mpira ulikuwa umekatika kabisa, ikimaanisha kwamba gurudumu la nyuma lilikuwa linajigeuza lenyewe kila nilipoongeza au kupunguza mwendo. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba gari la zamani huyumba kwa kuwa ni la zamani, kumbe liliyumba kwa sababu ya bushi mbili.

Kosa ambalo nimeona likirudiwa hata na mafundi wazuri ni kukaza bolti za bushi za mpira gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Bushi ya mpira haizunguki ndani ya nyumba yake, inajipinda. Ukiikaza amu ikiwa imeshuka, gari likitua chini mpira unabaki umepindika muda wote, nao hupasuka ndani ya miezi michache, halafu mmiliki anailaumu spea. Bolti zifungwe kwa mkono tu, gari lishushwe likae kwa uzito wake, lisukumwe mbele na nyuma, kisha ndipo toki spana, yaani spana inayopima nguvu ya kukaza, itumike. Wengi huniuliza kwa nini sikuweka bushi ngumu za poliyurethani. Zinadumu na zinafaa kwa uwanja wa mashindano, lakini kwa matuta na mashimo yetu hupeleka kila kishindo kwenye bodi lenye umri wa zaidi ya miaka hamsini, nami nimechagua mpira.

Shokapu za 240Z zimo ndani ya bomba la springi, mbele na nyuma. Za kwetu zilikuwa zimewahi kufunguliwa na kujazwa oili nzito ya gia, na zilikuwa zimekakamaa kama nguzo. Tuliweka shokapu mpya ndani ya mabomba ya zamani na kumimina oili kidogo pembezoni mwake ili joto lipate njia ya kutoka. Springi zilikuwa nzima, na hapa nawaomba vijana wanaopenda gari likae chini wasizikate kwa moto wa gesi. Moto ule unaua ugumu wa chuma, na springi iliyofupishwa inaweza kuchomoka mahali pake gurudumu likishuka shimoni. Vilevile zile raba zinazopachikwa kati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke zinaizuia springi isifanye kazi sehemu moja na kuichosha sehemu nyingine. Anayetaka gari lake lishuke au lipande anunue springi zilizotengenezwa kwa kimo hicho, na wakati wa kuzifunga atumie kibanio chake madhubuti, kwa kuwa springi iliyobanwa ikimponyoka fundi inaweza kumuua.

Nina ombi kwa Jeshi la Polisi, Kikosi cha Usalama Barabarani. Katika Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani magari hukaguliwa na kupewa stika, nasi tunashukuru kwa kazi hiyo. Kwa magari yenye umri mkubwa kama haya, naomba ukaguzi ujumuishe kuvua walau gurudumu moja la mbele na moja la nyuma, pamoja na kuyafuata kwa tochi mabomba ya breki toka masta silinda hadi mwisho. Bomba lililokunjwa kwenye gari letu lingeonekana kwa dakika tano. VETA nao, yaani mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ambao wamewafundisha mafundi wengi wazuri pale Chang'ombe, wangetufaa sana kama wangeandaa mafunzo mafupi kuhusu breki za ngoma, ukunjaji wa mabomba na namna ya kujikinga na asbesto, kwa ajili ya mafundi walio mtaani ambao walijifunza kwa kutazama.

Gari letu limerudi barabarani. Kabla halijatoka tulitoa upepo kwenye breki tukianzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, mmoja akikanyaga na kushikilia, mwingine akifungua nati huku akitazama mapovu ndani ya mpira unaoonyesha ndani uliozamishwa kwenye chupa, hadi mafuta yakatoka safi bila hata povu moja. Kisha nilikwenda barabara tulivu alfajiri, nikalizoesha kusimama taratibu mara nyingi ili pedi na diski vishikane, na mwishowe nikakanyaga kwa nguvu huku nimelegeza mikono kwenye usukani. Lilisimama likiwa limenyooka.

Kile kifaa cha kutolea pini ya amu tumekihifadhi, pamoja na vipimo vyake vilivyochorwa kwenye karatasi. Fundi au mmiliki yeyote mwenye gari la aina hii akikihitaji, nimeiacha anwani yangu kwako Mhariri, nami nitamwazima bila malipo, kwa sharti kwamba akimaliza na pini asiache kufungua ngoma na kubadilisha hosi.

Msomaji wako,
Upanga, Dar es Salaam